Barua ya Ceylon Iliyosomwa Upya Awasi

Saa moja kasorobo asubuhi, Mwalimu Elsie Nakhungu anaketi kwenye kizingiti cha darasa, anavua viatu na kukung'uta matope. Ametembea kilomita saba. Kabla hajavivaa tena, wanawake wawili wanamkaribia na bahasha iliyochakaa.

"Baada ya masomo, kina mama," anawaambia bila kuinua kichwa. "Sasa hivi siwezi."

Nakhungu, mwenye umri wa miaka 51, anafundisha historia katika shule moja ya harambee nje kidogo ya Awasi. Alitoka Webuye mwaka 1971 akidhani atakaa miaka miwili. Kidato chake cha pili kina wanafunzi 52 na vitabu sita, kimoja hakina sura mbili za kwanza.

Uhaba huo ndio uliomfanya Februari mwaka huu, 1993, awaagize wanafunzi walete karatasi za zamani kutoka nyumbani: vipande vya utambulisho vya wakati wa ukoloni, stakabadhi za kodi ya kibanda, vyeti vya ubatizo, barua.

"Sikuwa na ujanja wowote, sikuwa na vitabu," anasema. "Nikafikiri, babu zao kodi walilipa, vita walienda. Kwa nini tusianze na wao?"

Kila karatasi iliulizwa maswali yale yale: nani aliandika, lini, kwa nani, na alitaka nini.

Siku ya tatu, msichana aitwaye Dorca alileta barua ya jeshi ya mwaka 1945, iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Ilimhusu babu yake, Obiero, aliyekwenda vitani mwaka 1942 akimwacha mkewe Adero na mtoto mchanga, Dishon.

Nyumbani kila mtu alijua barua ile inasema nini. Karani mmoja alimsomea Adero ilipofika: Obiero amechelewa, amebaki Ceylon.

Dorca aliisoma mbele ya darasa, mwalimu akaeleza. Neno "late", ambalo karani alidhani ni kuchelewa, Waingereza hulitumia pia kwa marehemu. Na pale karani aliposoma "amebaki", barua ilitaja "remains", mabaki ya mtu, yaliyozikwa katika kisiwa hicho, Sri Lanka ya leo.

"Mwalimu, babu hajafa," Dorca alisema. "Ako huko na mke mwingine."

"Nilitamani kengele ilie," anakumbuka Nakhungu. "Watoto hamsini na wawili wananiangalia. Nikamwambia, keti, Dorca."

Siku mbili baadaye, Adero mwenyewe alifika shuleni kwa hasira. Mjukuu alikuwa ameichukua barua bila ruhusa.

"Nipe karatasi yangu," alimwambia mwalimu. "Hiyo si ya kuchezea."

Nakhungu alimpa kiti katika ofisi ya walimu, akamweleza polepole kwa Kijaluo chake chenye lafudhi ya Kibukusu. Adero alimtaka aisome mara tatu.

Kwa miaka 48, mama huyo alikuwa ameitwa mke aliyeachwa. Alikataa kurithiwa na shemeji, kwa kuwa mume alikuwa hai. Nguo za mumewe alizichoma mwaka 1951, kwa uchungu.

"Mimi nilimtukana baba Dishon kila mwaka," anasema Adero, sasa mwenye miaka 72, akiwa nyumbani kwake. "Nikipanda mahindi, namtukana. Nikivuna, namtukana. Kumbe yeye amelala."

Mwezi Aprili familia ilizika tunda la yago, yaani mwegea, mahali pa mwili, kama desturi ya Wajaluo inavyotaka kwa aliyefia mbali. Nakhungu alihudhuria, akakaa nyuma kabisa.

Shuleni hakupongezwa. Mwalimu mkuu alimwita, akamwambia wazazi wanalalamika kwamba watoto wanachimbua mambo ya watu huku mtihani ukikaribia.

"Alikuwa na haki kidogo," Nakhungu anakiri. Mwezi Mei alimsomea mzee mmoja cheti cha ubatizo, na jina la baba lililoandikwa pale halikuwa lile alilolijua mzee. "Aliondoka bila kuniaga. Najilaumu mpaka leo."

Bado watu wanakuja, wengine kutoka Muhoroni na Sondu. Ijumaa huwa hatoki shuleni kabla ya saa kumi na mbili jioni. Macho yanamuuma, miwani yake ina kioo kimoja kilichopasuka.

"Nimechoka, Bwana," anamwambia mwandishi huyu. "Nachoka kuwa mtu wa kwanza kujua."

Ameiandikia ofisi inayotunza makaburi ya vita mara mbili akiomba picha ya kaburi la Obiero. Hajajibiwa. Muhula ujao anapanga darasa zima liandike barua ya tatu, na Dorca ndiye atakayeitia sahihi.

"Sikatai kuendelea kuwasomea watu," anasema, akiwaita sasa wale wanawake wawili waliongoja tangu asubuhi. "Ila picha hiyo nataka imfikie Adero akiwa bado anaona."