Ng'ombe hawacheki: Mzee anayekusanya maneno ya kumsimulia mjukuu

Kunapambazuka, na baridi ya Mei inauma masikio. Kwenye njia ya vumbi inayotoka Balangdalalu kwenda Katesh, kundi dogo la ng'ombe walionunuliwa mnadani jana linatembea bila haraka. Nyuma yao anakuja mzee mrefu aliyejifunga shuka, fimbo mabegani, akizungumza peke yake.

"Amenuna," anasema. Anatembea hatua kadhaa. "Alinuna. Bibi yako alikuwa ananuna."

Fahali mweusi anageuza shingo, anamtazama, kisha anaendelea na safari yake.

"Hawa hawacheki," mzee anamweleza mwandishi wa makala haya. "Watu wanacheka. Ng'ombe hapana."

Huyu ni mzee Gidahosh, umri wake miaka sitini na ushee, Mbarbaig wa hapa Hanang. Kazi yake ni kuswaga ng'ombe wa wafanyabiashara kwa miguu kutoka minadani mpaka Katesh, ambako malori yanawasubiri. Analipwa shilingi elfu tatu kwa kila ng'ombe anayefika mzima. Akipotea mmoja njiani, analipa yeye.

Kazi yenyewe haihitaji maneno mengi. Mnadani inatosha kujua ngapi, toa, punguza, basi. Barabarani ni simama, pita, lete maji. Kwa zaidi ya miaka ishirini hicho ndicho kilikuwa Kiswahili chote cha mzee Gidahosh, na hakikuwahi kumpungukia, kwa sababu nyumbani alikuwa na Bernadina.

Bernadina alikuwa mke wake, Mwiraki wa Endagikot, kule upande wa Mbulu. Alizaliwa na Kiiraki, akapata Kiswahili shuleni, na Kibarbaig alijifunza kwa ajili ya mumewe. Pale mtaani Katesh, jirani akisema jambo, Bernadina alimpelekea mzee kwa lugha yake. Mzee akijibu, Bernadina aliligeuza likatoka Kiswahili safi.

"Yeye alikuwa mdomo wangu," anasema mzee Gidahosh. "Mimi sina mdomo mwingine."

Bernadina alifariki miaka miwili iliyopita kwa ugonjwa wa moyo.

Binti yao wa pekee, Paskalina, anauza nguo Babati. Kwa simu anaeleza kwamba baba yake si mtu wa maneno machache hata kidogo. "Kwa Kibarbaig baba ni msemaji. Watu wakigombana walikuwa wanamwita apatanishe. Sasa kwa Kiswahili amekuwa kama mtoto mdogo. Mama alikuwa anambeba. Hata pale baba aliposahau kusalimia, mama alikuwa anaweka salamu yake humo humo, baba hajui."

Msiba ulipokwisha na matanga kuondolewa, majirani walianza kuona kwamba mzee amebadilika. Amekuwa mkali, walisema. Anaingia dukani anasema "lete chumvi", anaweka hela, anaondoka. Ukimuuliza habari za upweke wa nyumba, anajibu "nzuri". Mmoja mmoja wakaacha kupita kwake jioni.

Ukweli ni kwamba mzee hakubadilika. Alibaki na maneno ya mnadani tu, na mnadani hakuna tafadhali.

Siku moja jirani yake wa mlango wa pili alijifungua. Mzee Gidahosh akaenda kumtazama mtoto, kama inavyompasa mtu mzima. Alimtazama, akafurahi kwelikweli, akatafuta neno zuri kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Nikasema, mtoto amenona. Atafika bei," anakumbuka, na anatikisa kichwa. "Mama yake akabeba mtoto, akaingia ndani. Mlango akafunga."

Mwandishi huyu alicheka, na aliona haya baada ya kucheka. Mzee mwenyewe hakuwa anacheka.

Hilo la jirani lilimuuma, lakini halikumtoa usingizini. Lililomtoa ni swali la mtoto.

Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, Paskalina alimpandisha binti yake basi aje akae na babu wiki mbili. Mtoto huyo ana jina la bibi yake, Bernadina, ila nyumbani wanamwita Dina. Anajua Kiswahili tu. Walikaa vizuri, babu na mjukuu, kwa ishara na kwa chapati.

Jioni moja Dina alikuwa anachambua maharage uani. Akauliza: "Babu, mimi nina jina la bibi. Bibi alikuwaje?"

Mzee anasema alifungua mdomo. Kichwani kulikuwa kumejaa. Alimwona Bernadina akiwa msichana, akiwa mama, akiwa amekasirika, akiwa amebeba kuni kwenye mvua. Yote hayo yalisongamana mlangoni kama ng'ombe kwenye lango la boma, likapita moja tu.

"Mzuri," alisema.

Dina alisubiri. Babu akaongeza: "Mzuri sana." Mtoto akasema "haya", akarudi kwenye maharage yake, na mpaka likizo inaisha hakuuliza tena.

Mtu anaweza kusema, si mama yake angemsimulia? Mwandishi alimuuliza mzee jambo hilo hilo. Alijibu akiwa amesimama katikati ya njia, fimbo chini.

"Paskalina anajua mama yake. Mama yake akiwa msichana, hajui. Yule msichana najua mimi tu. Nikifa na yeye anakufa."

Tuliposhauriana kutafuta mkalimani wa mazungumzo haya, alikataa kabisa. Alisema akipewa tena mdomo wa mtu atauegemea, hatajifunza kusema mwenyewe. Kwa hiyo kila nukuu yake unayoisoma hapa ameitamka mwenyewe, polepole.

Anayemfundisha ni Mwanaamina, mfanyabiashara wa chai na chapati jirani na zizi la kupakilia ng'ombe hapa Katesh. Mzee anamwita Mama Saleh, kwa jina la mwanawe. Mwanzo wao haukuwa mzuri.

"Alikuwa anakuja asubuhi anasema 'lete chai'. Hivyo tu! Hata shikamoo yangu haitikii, anaangalia pembeni," anasema Mwanaamina, akipindua chapati. "Siku moja nikamwambia, mzee wangu, hapa si mnadani. Sema 'naomba chai'. Akaniuliza, naomba ni nini? Nikajua huyu hana kiburi. Hana neno."

Kuuliza si ujinga, na mzee Gidahosh hakuona aibu kumuuliza mtu wa umri wa binti yake. Tatizo lilikuwa namna ya kuuliza neno usilolijua. Akaamua kuigiza.

Siku ya "kununa" alikaa kwenye benchi, akavuta mdomo mbele, akageuza uso ukutani, akakaa hivyo. Wateja wakaangua kicheko.

"Mzee, unaumwa jino?" Mwanaamina aliuliza.

"Si jino. Mke. Amekasirika, lakini hasemi."

"Aa! Amenuna huyo."

Mzee aliondoka na neno hilo, akalitembeza mpaka Balangdalalu na kurudi.

Baada ya hapo ikawa kawaida. Mwanaamina anatoa neno, mzee anampima nalo marehemu. Alikuwa mpole? Mpole hapana. Mkali? Mkali kidogo, Jumamosi, siku ya kusafisha nyumba. Mchoyo? Chumvi tu, vingine anagawa. Mcheshi? Hapo mzee alitaka aelezwe neno, na alipoelezwa alipiga paja: ndiyo, mcheshi, hasa mbele ya wageni. Alikuwa anadeka? Mzee alikataa kwa mikono miwili.

Unapomsikiliza unaona jambo ambalo sisi wenye maneno tele tumelisahau. Siku hizi chakula ni poa, safari ni poa, ndoa poa. Mfiwa tunampa "pole", aliyejifungua tunampa "hongera", tunaendelea na simu zetu. Mzee Gidahosh alikuwa na "mzuri" moja ya kufunika mwanamke mzima, na anajua jinsi ilivyokuwa fupi.

Mwezi wa tatu, alasiri ya mvua, alimletea Mwanaamina swali gumu. Alisema nyumba ipo, chakula kipo, redio inasema, hakuna kinachouma. Kisha akaweka kiganja kifuani. Hapa, alisema, ni kama boma, ng'ombe wametoka.

Mwanaamina anasema aliacha kukanda unga. "Nilifuta mikono. Halafu nikamwambia, huo ni upweke, mzee. Nilimwambia huku najikaza nisilie."

"Miaka miwili nilikuwa nao," anasema mzee Gidahosh. "Sikujua una jina."

Alilipeleka neno hilo kwa yule jirani aliyemfungia mlango. Alisimama nje akasema, mama, nisamehe lile la bei, mimi nina upweke. Jirani aliingia ndani, akatoka na bakuli la uji. Tangu siku hiyo uji unakuja karibu kila Jumapili, na mtoto aliyenona anakuja nao mgongoni.

Hata hivyo nyumba yake bado ni kimya. Mwandishi aliingia, akaona kitanda kimoja, viti viwili, na kanga ya marehemu imekunjwa juu ya sanduku. Mzee anasema jioni anazungumza Kibarbaig kidogo, kwa sauti, ili nacho kisiondoke. Hakuna wa kumjibu.

Jua limekwisha kupanda tunapofika Katesh. Ng'ombe wanaingia zizini, msimamizi anawahesabu, wote wapo. Mzee Gidahosh ananawa vumbi usoni na kuelekea kwa Mwanaamina.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Mama Saleh. Habari za asubuhi? Naomba chai, tafadhali." Anamtazama mwandishi kwa pembe ya jicho, kuona kama amesikia.

Chai haijapoa simu yake inaita. Ni Paskalina. Simu hiyo ni ya zamani, haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo kibanda kizima kinasikia.

"Shikamoo baba. Baba, nilitaka kukuambia mapema. Dina hataweza kuja mwezi wa sita. Yuko darasa la nne, wana mtihani mwaka huu, likizo wanabaki kwa masomo ya ziada. Labda Desemba, Mungu akipenda."

 Kikombe cha mzee Gidahosh kiko mkononi, hakiendi mdomoni. Mwandishi huyu, ambaye asubuhi nzima amemsikia mzee akifanya mazoezi kwa ajili ya ujio wa Dina mwezi Juni, anatamani asingekuwepo pale.

"Baba, upo?"

"Nipo." Mwanaamina amesimama na kijiko chake hewani. Anajua, kama anavyosema baadaye, kwamba mwaka jana mzee angesema "haya" na kukata.

"Nimesikitika, mwanangu," mzee anasema. "Nimesikitika sana. Nilikuwa namsubiri. Naomba mpe simu."

Vinasikika vishindo, mlango, kisha sauti ndogo. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Dina, uliniuliza bibi. Mimi nikasema mzuri."

"Ndiyo babu."

"Mzuri haitoshi. Bibi yako alikuwa mbishi. Mbishi sana. Sikiliza. Mimi kijana, ninachunga. Ng'ombe wangu wakaingia shamba la baba yake, wakala maharage. Yeye akatoka. Msichana, ana jembe. Akanigombeza kwa Kiiraki. Mimi nikajibu kwa Kibarbaig. Hakuna anayeelewa mwenzake. Tukabishana mpaka jua likafika hapa." Ananyoosha mkono juu ya kichwa, ingawa Dina hamwoni. "Kesho nikarudi, nalipa maharage. Akabishana tena. Basi akatafuta mtu, akajifunza lugha yangu. Ili anishinde."

Kwenye simu mtoto anacheka. Ni kicheko kirefu, kinaanzia chini kinapanda, na mzee anainamisha kichwa kukisikiliza.

"Sasa babu," Dina anauliza, "nani alishinda?"

Simu inakatika.

Mzee anaitazama. Anaipiga piga kiganjani, anasubiri. Haiiti. Paskalina anapopigiwa hapatikani, pengine chaji, pengine mtandao. Mwandishi anatoa simu yake na kusema tutajaribu tena baada ya muda, salio lipo la kutosha.

"Hapana," mzee anasema. "Acha."

Anakunywa chai yake yote kwanza. Kisha anaeleza, na hapa anatafuta maneno kuliko wakati wowote wa siku hiyo.

"Desemba nilimpa mzuri. Akaenda, hana swali. Sasa ana swali. Mtu ana swali, atakuja."

Mpango wake ni huo. Kuanzia sasa mpaka Desemba ataendelea kuswaga, atalipia nauli ya Dina mwenyewe, na kila safari atarudi kwa Mwanaamina na jambo la kuigiza. Bado hajapata neno la namna Bernadina alivyokuwa akiimba akipuliza moto, wala la harufu ya nywele zake zikiwa na moshi. Akiyapata, anasema, atampeleka Dina Endagikot, wakasimame kwenye shamba lenyewe la maharage, ndipo amjibu.

Anamshukuru Mwanaamina kwa chai, anamwambia ilikuwa tamu. Anaaga kila mtu kwenye benchi, mmoja mmoja. Halafu anavuka kwenda zizini, ambako lori halijafika, na anaegemea mti wa uzio. Ng'ombe aliowaswaga wanamtazama.

"Alishinda yeye," anawaambia. "Mimi nilinuna."