Kadi ya Mudathir na Supu ya Auleria

Mume wangu Mudathir alikuwa na jina redioni, na jina lenyewe lilimlewesha. Kila Jumapili kwenye kipindi cha salamu, mtangazaji akitamka tu "Mudathir, Sauti ya Mbagala," mtaa mzima unaongeza redio. Fundi cherehani, lakini mezani kadi za salamu zilizidi vitambaa vya wateja!

Mwaka tisini na tatu jirani yetu Leonardi alikuja kushonewa suruali, akabwabwaja kwamba supu ya Auleria pale Vingunguti inapikwa kwa nyama iliyokataliwa na bwana afya. Auleria ni mjane, na supu hiyo ndiyo inasomesha wanawe. Nikamwambia Mudathir, nenda kwanza ukaulize.

"We mwanamke, watu wananitegemea," akanijibu, kalamu keshaishika. Akaandika kwenye kadi: wasikilizaji, jihadharini na supu ya Auleria wa Vingunguti. Mtangazaji akaisoma yote bila kusita, maana imetoka kwa Mudathir.

Wiki hiyohiyo sufuria ya Auleria ikaanza kurudi nyumbani imejaa. Nikamburuta Mudathir mpaka Vingunguti, akamwona bwana afya kwa macho yake akigonga mhuri kwenye nyama ya Auleria. Leonardi naye alipobanwa akacheka, eti alikuwa anatania tu. Kinyaa kilinishika, wallahi, na sijui nani alinitia kinyaa zaidi kati yao.

Mudathir akatuma kadi ya kusahihisha. Mtangazaji akasoma majina tu, ujumbe akauruka, muda umekwisha, akapiga muziki.

Kesho yake adhuhuri Auleria akaingia uani kwetu na sufuria kichwani. Majirani wakajazana. Akachota bakuli, akampa Mudathir.

"Baba Raudha, redio imeshindikana. Kunywa, wakuone."

Akapokea. Akalisogeza mdomoni. Halafu, mtu aliyeuona mhuri kwa macho yake, akanusa! Akakunja pua.

"Kunywa, mwanahizaya we!" nikampigia kelele.

Akaliweka chini. "Nimetoka kula," akasema.

Auleria akafunika sufuria yake, na majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Nikalinyakua lile bakuli nikanywa supu yote mbele yao, tamu kweli, lakini mie nani ananijua?