Lorraine Alivyotaka Kumaliza Deni Haraka

Lorraine Hebden alikuwa na adui mmoja duniani, naye ni deni. Alipokuwa mdogo, kila Ijumaa mkusanya madeni alipogonga mlango, mama yake aliwaficha watoto wote nyuma ya kochi, kimya. Ijumaa moja Lorraine akapiga chafya. Aibu ya siku ile haikumtoka mpaka uzeeni. Alipoolewa na Clive, hapo hapo Hartlepool, mji wa bandari wa Uingereza walikozaliwa, akaapa: dawa ya deni kulipa, tena upesi.

Basi Novemba moja kiwanda alimokuwa akifua mashuka ya hoteli kikafungwa. Clive naye hakuwa wa kutegemewa, maskini. Vumbi la karakana za meli lilishamla mapafu. Daktari alisisitiza jambo moja tu: mzee huyu asipigwe na baridi. Lorraine akavaa koti, akaenda kuomba posho ya serikali.

Binti wa ofisini, Kirsty, alikuwa mpole. "Malipo ya kwanza yatafika baada ya wiki tano, mama."

"Wiki tano! Tule mawe?"

"Unaweza kupata malipo ya awali sasa hivi. Lakini ujue ni mkopo. Hauna riba, ila mtakatwa kila mwezi kwenye posho mpaka uishe. Tunaweza kuugawa hata kwa miaka miwili."

"Miaka miwili nikiwa na deni? Mimi? Nikate miezi mitatu, yaishe."

Kirsty akaacha kuandika. "Itawauma, mama. Wengi huchukua muda wote."

"Hao wengi si mimi."

Jeuri gani hiyo! Ningekuwa karibu ningemfinya. Lakini Lorraine alitoka pale kichwa juu, akapitia dukani, akajaza kadi ya mita ya gesi inayopasha nyumba joto, na Krismasi ile Clive alikula bata mzinga akiwa na shati tu mwilini.

Januari posho ya kwanza ikaingia, imeshamegwa. Lorraine alipolipa kodi ya nyumba, kilichobaki kilitosha kula au kuota moto, si vyote viwili. Mita ile ya gesi haijui huruma: kadi ikiisha, moto unazima. Ukazima. Upepo wa baharini ukaingia kupitia kila ufa. Clive akalala na koti, kofia na soksi mbili mbili.

"Nimevaa kama naenda kuvua samaki Iceland," alitania, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Lorraine akapiga simu ofisi ya posho, akasikilizishwa muziki asubuhi nzima. Akaomba kile alichokuwa amekidharau: deni ligawanywe kidogo kidogo. Sauti ikamwambia alikubali masharti mwenyewe, ila ombi litapelekwa mbele. Siku chache baadaye jibu likaja kwenye simu yake: haiwezekani. Akalisoma amesimama jikoni, akalia. Afanye nini? Hakuwa na la kufanya. Akaongeza blanketi.

Wiki ile ile gari la wagonjwa likamchukua Clive.

Wodini joto lilikuwa tele, mpaka Lorraine akavua koti kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Siku zikapita, rangi ikarudi mashavuni mwa mzee. "Humu ni Hispania kabisa, Lorraine," akasema, akilamba kijiko cha kastadi.

Jioni moja nesi akaja anacheka. "Habari njema! Kesho anarudi nyumbani."

Lorraine, ambaye hakuwahi kumwomba mtu hata chumvi, akamshika nesi mkono. "Kaa naye kidogo, mwanangu. Siku mbili tu. Nakusihi."

"Vipi, mama, humtaki tena mumeo?"

"Namtaka," Lorraine akasema. "Ndiyo maana nakuomba."

Clive alikuwa amesikia yote. Akaanza kukohoa. Lorraine alikijua kila kikohozi cha mume wake, na hiki kilikuwa cha uongo mtupu. Lakini alikohoa kwa bidii, jicho moja kwa nesi, kama mtoto asiyetaka shule.

Nesi akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza, akatabasamu.

"Acha mchezo, babu. Kifua kisafi. Kesho saa nne uwe umevaa."