Pikapu Niliyokataa Ioshwe

Siku yangu ya kwanza kazini, Fomeni wa karakana ya Korogwe aliniona nimesimama langoni, msichana mwenye kifurushi mkononi, akaniuliza nimemletea nani chakula. Nikamwambia sikuleta chakula. Nimeleta ovaroli na cheti cha ufundi wa injini za dizeli, na nimepangiwa kwake. Akanitazama toka kichwani hadi viatuni. "Basi vaa," akasema, "tuone kama hiyo ovaroli itachafuka." Kabla ya chai ilikuwa nyeusi kifuani, na hakuniuliza tena habari za chakula.

Shirika letu lilikuwa likichimba visima na kutega maji ya vijiji, kuanzia nyika za Handeni hadi milimani Vugiri. Lilikwisha kufa, kwa hiyo jina lake naliacha lipumzike. Fomeni alinifundisha kwa ukali, nami namshukuru kwa ukali huo. Neno lake kubwa lilikuwa moja: usishike spana kabla hujajua unatafuta nini. Vijana wa leo wananiambia mashine ya kusomea injini inawatafutia. Sawa, lakini mashine hiyo nayo lazima aishike mtu mwenye akili zake.

Juu ya Fomeni alikuwepo Meneja wa Usafiri, mtu mrefu, shati jeupe siku zote, aliyepanda cheo toka udereva. Yeye alikuwa na amri yake: gari la shirika halitoki asubuhi kabla ya kuoshwa juu, chini na ndani ya boneti. "Gari chafu ni dereva mchafu," alikuwa akisema. Madereva wakaizoea amri ile kama sala. Hata wakilala porini walitafuta maji wakaosha. Sikuona ubaya wake, mpaka ilipokuja habari ya pikapu ya Mzee Mhina.

Kwa asiyejua, injini hupozwa na maji yanayozunguka kati yake na rejeta, lile sanduku la vimirija lililo mbele ya gari. Maji hayo huchanganywa na kulanti, dawa ya rangi ya kijani inayozuia kutu. Mzunguko wote umefungwa, kwa hiyo maji hayana ruhusa ya kupungua. Ya pikapu ya Mzee Mhina yalikuwa yanapungua. Hayakumwagika mahali mtu akaona. Yalikwenda kidogo kidogo, na kila baada ya siku chache mzee alilazimika kuongeza. Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo hivyo hivyo hukimaliza.

Tulitafuta kila mahali. Mfuniko wa rejeta ulikuwa mzima. Pampu ya maji ina kitundu chini yake, ambacho hulia machozi sili, yaani kizuizi cha maji ndani yake, ikifa; nacho kilikuwa kikavu. Oili haikugeuka rangi ya chai ya maziwa, ambayo ingetuonyesha kuwa maji yanaingia humo. Bomba la moshi halikutoa mvuke mweupe. Tuliwasha injini ikapata moto, tukajaza presha kwenye rejeta kwa pampu ya mkono, na mshale wa geji haukuteremka hata kidogo.

Meneja akatoa hukumu. Kama maji yanapotea na hayaonekani, basi yanaliwa ndani: gasketi ya silinda hedi imeungua, ile karatasi ngumu iliyo kati ya bloku na kichwa cha injini. Na gasketi haiungui bure. "Mhina ameendesha gari likiwa limechemka, akanificha," akasema mbele yetu sote. "Wageni wanaokuja kukagua mradi wa Vugiri wakishaondoka, injini ifunguliwe na yeye akabidhi funguo. Dereva anayeunguza injini sina kazi naye."

Mzee Mhina alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa Magoma, dereva tangu ujana wake, mkewe mgonjwa nyumbani na nyumba haijaezekwa upande mmoja. Hakujitetea. Hilo ndilo lililonichoma. Niliona hasira ikinipanda mpaka masikioni, kwa sababu nilijua mzee yule hata panya akikatiza barabarani husimama ampishe.

Nikamfuata kivulini. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hebu niambie, maji yanapungua ukitoka wapi?"

Akafikiri. "Nikienda Magoma hayapungui. Nikienda Kwedizinga hayapungui. Nikilala Vugiri, nikirudi naongeza. Nilimwambia Fomeni, akasema mlima unachosha injini."

"Na ukiwa Vugiri asubuhi unafanya nini kwanza?"

"Naosha gari," akasema, akinishangaa. "Kwani ningefanya nini?"

Hapo nikaelewa. Kule juu asubuhi ni baridi, na baridi husinyaza mpira na chuma. Kiungo kilicholegea kinaweza kuvuja kikiwa baridi, kisha injini ikipata moto kikavimba na kujifunga. Sisi tulikuwa tukipima gari la moto katika joto la Korogwe. Na alama yoyote iliyobaki, mzee mwenyewe alikuwa akiifuta kila alfajiri kwa ndoo na sabuni. Utiifu wake ndio uliokuwa ukimfukuzisha kazi.

Nikamwomba Fomeni nipande na Mzee Mhina safari ile ya wageni, kwa sharti moja: pikapu isioshwe. Akanicheka. "Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi," akasema. Nikamjibu Idi nimekula nyingi na pilau halijawahi kunipita. Akasema yeye hakusikia chochote, na kwa Fomeni hiyo ilikuwa ruhusa. Tukapeleka mabomba Kwedizinga, tukarudi na vumbi jekundu limeganda chini ya gari lote, tukapita Korogwe bila kuingia karakana, tukapanda Vugiri.

Alfajiri nilimkuta Mzee Mhina ameshajaza ndoo.

"Iweke chini, mzee."

"Mwanangu, Meneja anakuja na wageni. Akilikuta hivi nimekwisha."

"Ukiliosha ndiyo umekwisha kweli. Na usiliwashe."

Aliiweka chini, nami sikuwa na hakika kama nimemwokoa au nimemmaliza. Mimi ningekosea, ningebaki na kazi yangu. Yeye asingebaki na kitu.

Meneja alifika na gari la wageni nyuma yake. Alipoiona pikapu imetapakaa matope makavu, uso ulimbadilika. "Nani ameamuru hivi?"

"Mimi," nikasema.

"Lioshwe sasa hivi."

"Halioshwi, bosi, mpaka ulale chini yake uangalie."

Nikamnyooshea tochi. Nilidhani atanifukuza hapo hapo. Lakini alikuwa dereva kabla ya kuwa meneja, na dereva haachi injini imshinde. Akaichukua tochi, akalala chali udongoni na shati lake jeupe. Katika vumbi lililoganda juu ya gia boksi kulikuwa na mstari mmoja mbichi wa kijani, umeshuka toka nyuma ya injini, mahali ambapo mipira miwili ya maji hupenya ukuta wa bati kwenda kwenye hita, chombo cha kupasha joto ndani ya gari ambacho huku kwetu hakuna anayekigusa. Nikamwambia Mzee Mhina awashe. Matone yakaongezeka. Injini ilipopata moto yakapungua, kisha yakakoma kabisa, tukitazama wote.

Ilikuwa klipu, kibano cha chuma kinachobana mpira, imechoka. Gasketi ilikuwa nzima, na nzima ikabaki.

Meneja akainuka, akajipangusa. "Mhina, endelea na gari lako," akasema. Kisha akanigeukia. "Wewe umekaidi amri mbele ya wageni. Utahamia Handeni."

"Handeni kuna magari?"

"Yapo."

"Basi nitakwenda."

Nikaenda, na waliodhani nitarudi kulia walichoka kusubiri. Kule maji ya chumvi yalikula marejeta, vumbi likala vichujio, na wafugaji walituletea trekta zilizokwishakatiwa tamaa. Nilipokuja kuwa Fomeni mwenyewe nilitoa amri yangu: gari zima lioshwe, gari gonjwa lisiguswe na maji mpaka fundi aseme. Barua mbili za onyo zilinikuta huko Handeni. Amri ikabaki.

Siku ya kuagwa, kama ilivyo desturi yetu, anayestaafu husimama akaomba radhi kwa wote aliowakosea. Mkuu wa wakati huo alininong'oneza nisisahau kumtaja Meneja wa zamani, aliyekuwa amealikwa. Nikasimama. Nikawaomba radhi wale niliowafokea na wale niliowachelewesha. Kisha nikasema kwamba kwa asubuhi ile ya Vugiri sikumkosea mtu, na radhi yake siiombi, leo wala kesho.

Mzee Mhina, aliyekuwa amestaafu kabla yangu akiwa dereva bado, ndiye aliyeanza kupiga makofi.