Mama wa Herufi Nne

Keko ilinuka vanishi. Mafundi walikuwa wakitoa vitanda na makabati asubuhi na kuyapanga kando ya barabara, wakianza kupiga msasa na kupaka, na ikifika saa sita harufu ilikuwa imeshaingia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mapazia, hata kwenye wali. Nilipoletwa kutoka Tukuyu nilidhani Dar es Salaam nzima inanuka hivyo, na kwa wiki ya kwanza nilikuwa nalala nimejifunika shuka puani. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikwishafariki, mama alikuwa amepata kazi za ndani Arabuni, na wakubwa walikaa kikao wakatugawana: mdogo wangu Ezra akabaki kwa bibi, mimi nikapewa Shangazi, dada yake baba, ili nisome shule za mjini. Mimi sikuulizwa, na wala sikutegemea kuulizwa, maana kikao cha wakubwa mtoto hupelekewa majibu tu.

Shangazi alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Alikuwa msafishaji hospitalini, anatoka alfajiri na kurudi magharibi akiwa amechoka mpaka kijiko kinamponyoka. Kati ya kutoka shule na magharibi, nyumba ilikuwa yangu peke yangu. Watoto wa mtaa walikuwa na makundi yao tangu walipokuwa migongoni mwa mama zao, na mimi niliyekuwa naongea taratibu kama mtu anayevuka mto juu ya gogo sikuwa na pa kuingilia. Wakicheza rede nilihesabiwa wa kuokota mpira. Nilikuwa mpweke. Nimetafuta neno la kulipamba hilo na sijalipata. Jioni nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya mlango nikihesabu vitanda vinavyopita kwenye mikokoteni, nikijaribu kukisia ni nani atakayelala juu yake na nani ubavuni mwake.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Dada Zuhura, mwanamke mnene mcheshi aliyeuza ubuyu na barafu dirishani, na sebuleni kwake akaweka banda la gemu. Runinga tatu zilikuwa za mpira, na mbele yake vijana walijazana wakitukanana kwa furaha. Ya nne, ndogo, yenye mstari wa kijani uliokuwa ukipanda na kushuka, ilikuwa pembeni karibu na friji, na pedi yake ilikuwa na kitufe kimoja kilichozama, hivyo haikufaa kwa mpira. Hapo ndipo lilipokuwa gemu ambalo hakuna aliyelitaka. Lilikuwa hadithi ndefu ya wasafiri wanne wanaovuka nchi yenye misitu na mazimwi kwenda kwenye ngome ya mfalme aliyeiba jua. Vijana wa mpira walikuwa wakigeuka mara moja, wanacheka, wanarudi kwenye mechi yao. "Vita gani hiyo ya kupeana zamu?" mmoja aliuliza. "Unampiga mtu, halafu unasimama unangoja akupige!" Dada Zuhura mwenyewe alilipenda kwa sababu ya maduka yake. Alikuwa akisimama nyuma yangu na sahani ya barafu, anamtazama muuzaji wa ndani ya gemu na kuguna: "Ona mwenzangu, bidhaa haziishi, na hakuna anayemkopa." Kwa kuwa runinga ile haikuwa na wateja, aliniachia nicheze bure.

Mimi nililipenda kwa sababu liliniuliza jina. Mwanzoni kabisa, kabla ya safari, wale wasafiri wanasimama mstari mmoja na gemu linakuomba uwape majina, kila jina nafasi nne za herufi. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tatu, lakini nafasi nne nilizielewa. Yule mwenye upanga nikamwita EZRA. Kizee mwenye fimbo ya moto nikamwita BIBI. Yule mwembamba anayepiga mishale nikamwita TUMP, maana jina langu Tumpe lilizidi kwa herufi moja, nikajikata mkia. Na yule mwanamke wa nguo nyeupe, ambaye akiinua mikono mwanga hushuka na majeraha ya wenzake hufunga, nikamwita MAMA. Herufi zilienea sawasawa. Nilikaa nikiwatazama wamesimama pamoja kwenye kijiji chao, watu wanne wa nyumba moja, na sikubonyeza kitu chochote mpaka Dada Zuhura akauliza kama mashine imekwama.

Sasa, banda lilikuwa na utaratibu wake. Kadi ya kutunzia michezo ilikuwa moja tu kwa kila runinga, ndogo, na ndani yake kila mteja alikuwa na sehemu yake ambayo pale iliitwa nyumba. Watu wa mpira, kadi zao zilipojaa, walihamia kwenye kadi yetu bila hodi. Dada Zuhura akaona njia rahisi. Alikuwa na mteja mwingine wa lile gemu, mtu mzima anayekuja mchana wakati mimi niko shule, basi akatuweka wote wawili katika nyumba moja. Kwake yeye gemu lilikuwa sawa na sinia la pilau: mkikaa wawili hampungukiwi, mnaanza pande mbili mnakutana katikati. Hakumwambia yeyote kati yetu. Hakuona kama kuna la kuambiana.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nafika saa kumi nakuta mambo yamesogea. Nimewaacha watu wangu kijijini, nawakuta wako mlimani. Ezra ana ngao mpya. Bibi amejifunza kurusha barafu. Mwanzoni nilifikiri ndivyo gemu lilivyo, kwamba ukiondoka wanaendelea na maisha yao kama sisi tu, na nilifurahi kwamba hawakai wakinisubiri. Lakini pedi ilikuwa inanata vidole na kunuka vanishi, ndipo nikajua kuna mtu. Hilo pia lisingekuwa neno, kama si Mama. Katika mji mmoja wa kando ya ziwa kulikuwa na nyumba ya wageni ambamo unaweza kumwacha msafiri mmoja apumzike, na mimi Mama nilikuwa nimemwacha humo. Chumba kilikuwa na kitanda, taa na dirisha linaloonyesha maji. Hapakuwa na zimwi lililoweza kuingia. Kila siku nilikuwa namrudisha humo, na kila kesho yake nilimkuta nje, barabarani, nguvu zake nusu, na siku moja nikamkuta amelala chali kwenye theluji, jina lake limekuwa jekundu.

Lazima niseme kilichokuwa moyoni mwangu, maana bila hicho mtu anaweza kucheka. Mama yangu, kule Arabuni, alikuwa akipiga simu kila Jumapili kwenye simu ya Shangazi. Wiki ile nilipomkuta kwenye theluji, Jumapili mbili zilikuwa zimepita bila simu kulia. Shangazi alisema ni mtandao. Alisema hivyo huku akiikagua simu kila baada ya dakika chache, na nilimsikia akizungumza na jirani kwa sauti ya chini kuhusu binti wa Temeke aliyeenda huko na kurudishwa hawezi kutembea. Mtoto mpweke hana wa kumsahihisha mawazo. Nilishajumlisha mimi mwenyewe: kinachompata MAMA kwenye runinga kinampata mama. Na kulikuwa na mtu kule mchana, mwenye mikono ya vanishi, anayemtoa ndani na kumpeleka apigwe.

Siku iliyofuata nilitoroka shule saa ya mapumziko. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda changu, mtu wa miaka arobaini na kitu, vumbi la mbao hadi kwenye kope, amekunja magoti makubwa mbele ya ile runinga ndogo. Alikuwa Fundi Athumani, mtengeneza vitanda kutoka Newala, aliyekuwa anakuja kusubiri rangi ikauke. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima, lakini malezi ni malezi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kidogo, nina zimwi hapa."

"Huyo ni mama yangu."

"Nani, zimwi?"

Nilianza kulia. Alishtuka, akaweka pedi chini, akaangalia huku na huku kama mtu aliyevunja kioo cha watu. Nikamweleza yote, vibaya, nikirudi nyuma na kuruka mbele: nyumba ya wageni, theluji, Jumapili mbili, binti wa Temeke. Vijana wa mpira walianza kucheka, naye akawageukia mara moja tu, wakanyamaza.

"Mie nilidhani nyumba haina mwenyewe, kila apitaye anacheza," alisema. "Majina nikayaona, nikajua majina tu. Nisamehe." Akafuta mikono kwenye kaptula, akashika pedi, tukawatembeza wote wanne kurudi njia nzima mpaka ziwani, tukampandisha Mama ngazi, tukamlaza. Kisha akasema taratibu, "Ila nikwambie ukweli, mwanangu. Huyu ndo anayetutibu. Tukimwacha ndani, sie wengine tutakuwa tunakufa kila siku."

"Kufeni tu," nikasema.

Na walikufa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Fundi Athumani alinifaa kwa namna ambayo sijawahi kuiona tena kwa mtu mzima. Kila siku saa kumi nilikuta Ezra ameanguka, Bibi ameanguka, mimi mwenyewe nimeanguka, mifuko imejaa majani ya dawa aliyonunua badala ya silaha, na hatua waliyosogea ni ya kuku. Mama hakuwahi kuguswa tena. Mara chache tulizokutana aliniambia kwamba mkewe na watoto wako Newala, anawaona mara moja kwa mwaka msimu wa korosho, na kwamba analipenda gemu lile kwa sababu ya msitu wake wa kwanza, ule wenye miti mifupi. "Napita pale polepole," alisema. "Sina haraka ya kutoka." Nilielewa. Nadhani mimi na yeye ndio peke yetu mtaani tuliokuwa hatuchezi ili tushinde.

Jumapili ya tatu simu ililia. Sauti ya mama ilikuwa ndogo, kama anaongea ndani ya kabati, na aliongea kwa haraka. Alisema simu yake ilichukuliwa kidogo, sasa imerudi. Nilimuuliza kama anatoka nje. "Hapana, mwanangu, sitoki kabisa," akasema. "Niko ndani tu." Nilifurahi mpaka nikaruka ruka. Shangazi alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akaniambia nipunguze kelele. Mimi nilikuwa najua siri ambayo wao hawakuijua: kwamba ni mimi niliyemweka ndani, na kwamba dawa imefanya kazi.

Fundi Athumani alienda kwao msimu wa korosho na hakurudi tena Keko. Aliniachia ujumbe kwa Dada Zuhura kwamba ameshafika kwenye ngome, lakini mlango wake haufunguki mpaka wawepo wote wanne, kwa hiyo amewaacha pale nje na uamuzi ni wangu. Sikumtoa Mama. Likizo nzima niliwatembeza watatu waliobaki katika nchi isiyo na jua, nikiingia maduka, nikisalimia watu ambao kila siku walinijibu maneno yale yale, kisha jioni napanda ngazi za ile nyumba ya wageni na kusimama mbele ya kitanda. Kulikuwa na neno moja tu ambalo Mama aliweza kulisema akiwa mle. Dada Zuhura alinitafsiria: nimeshapumzika. Nililisoma mara mia na sikulisikia.

Mama yangu alirudi kutoka Arabuni nikiwa kidato cha pili. Alikuwa mweupe wa mtu asiyeona jua na alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda msalani. Hakusimulia, na sisi hatukuuliza. Leo mimi ni karani, nimepanga nyumba Mbagala yenye ukuta na geti, nimemnunulia runinga kubwa na makochi, na majirani wananisifu kwa kumtunza mzazi. Kila alipotaja kwenda sokoni kuuza vitumbua nilimkatalia. Nilimwambia kuna jua, kuna vibaka, kuna pikipiki, na yeye ameshafanya kazi ya kutosha. Asubuhi nikienda kazini nilifunga geti na kuondoka na ufunguo kwa ajili ya usalama wake. Nilifanya hivyo miaka miwili, na nilijiona mtoto mwema.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilimkuta amevaa, ndoo ya vitumbua iko kichwani, amesimama mbele ya geti lililofungwa. Hakunigeukia. "Tumpe," akasema, "miaka sita nilikaa kwenye nyumba ya watu, na ufunguo anao mwingine. Chumba kilikuwa kizuri. Kilikuwa na kitanda na feni." Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nami nilikuwa nimesimama juu ya kaburi hilo tangu utotoni nikilisifia udongo wake. Nilitaka kumwambia kuhusu ile runinga ndogo, kuhusu ziwa, kuhusu jinsi nilivyoruka ruka sauti yake iliposema niko ndani tu. Sikuweza. Nilifungua geti, nikamwekea ufunguo mkononi, akatoka.

Siku ile nilikaa sebuleni tangu saa mbili, sikuwasha kitu. Kila honi iliyolia barabara ya Kilwa ilinipita kifuani. Nilikuwa na miaka tisa tena, ila safari hii sikuwa na pa kumrudisha. Alirudi saa kumi na moja, kanga imejaa vumbi. Hakuuza hata nusu. Aliingia akilalamikia jua, akiwalalamikia wateja wa Mbagala wanaobonyeza kila kitumbua kabla ya kununua kimoja, na alipofika jikoni akakuta meko ni baridi, akatoka ameshika kiuno, akaniuliza kwa sauti iliyofika kwa jirani mtu mzima kama mimi nimeshindaje ndani kutwa nzima bila hata kubandika maji ya chai. Sikuwa nimemsikia mama yangu akinigombeza tangu nina miaka tisa.