Uji wa Igoki

Niliondoka Kianjokoma kwa sababu ya neno lililonifikia sokoni, na mimi si mtu wa kusikia neno nikalilalia. Mama mmoja muuza viazi, ambaye biashara yake humfikisha hadi Kianjai kule Meru, aliniambia amemwona binti yangu Igoki aliyeolewa huko. Amejifungua salama, mtoto wa kike. Nikaanza kumshukuru Mungu, lakini yule mama alikuwa hajamaliza.

"Kule walimuuliza uji wa kwao uko wapi," alisema. "Akawaambia kwao hakuna mtu wa kuleta."

Kwetu Embu, kama ilivyo kule Meru, mwanamke akijifungua wanawake wa kwao humpelekea uji mchachu wa mawele kwenye kibuyu. Humwongezea nguvu na maziwa, na zaidi ya hayo huwafunga watu midomo, maana aliyeletewa uji ana kwao. Mke wangu Ciarunji ndiye angeupeleka, lakini Ciarunji tulimzika kabla Igoki hajaolewa. Dada zake Ciarunji waliniahidi kwamba wataenda majani chai ya kuchuma yakipungua, na kila mtu wa Kianjokoma anajua majani chai hayapungui. Maneno ya Igoki yaliniuma sana. Nikaamua uji nitaupika mwenyewe na nitaupeleka mwenyewe.

Kuupika ndiko kulikonitesa. Ciarunji alizoea kusema kwamba mimi nikiketi, kiti hakipati joto. Ni kweli. Siwezi kungoja maji yachemke bila kwenda kuangalia ng'ombe mara tatu. Uji mchachu nao hauna habari na haraka za mtu. Mawele yanalowekwa, yanasagwa kwa jiwe, unga unaachwa karibu na jiko mpaka uchache, halafu ndipo unapikwa na kutiwa kibuyuni. Wa kwanza nilioupika ulinuka hata mbwa akaondoka. Uliofuata niliuunguza nikiwa shambani. Nikajaribu tena, nikamwita dada yangu mkubwa, ambaye miguu yake haimruhusu tena kusafiri, aonje. Alionja, akafikiri kidogo.

"Huu mtu anaweza kunywa," akasema, "akiwa na kiu."

Kwangu hiyo ilikuwa sifa ya kutosha.

Asubuhi ya kuondoka, baridi ya mlimani ilikuwa kali na mimi nilikuwa macho kabla ya jogoo. Niliogopa uji usije ukamwagika njiani, kwa hiyo nikaziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi la mahindi, nikalikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikazungusha na kuzungusha mpaka mikono ikachoka. Nikajisifu. Pale sokoni vijana waliokuwa wakipakia kabichi garini waliniona na kibuyu mgongoni.

"Mzee, siku hizi umekuwa mama?" mmoja akauliza.

"Nimekuwa," nikamjibu, nikapanda juu ya kabichi zao. Hawakuniuliza kitu kingine mpaka Runyenjes.

Runyenjes nilipata basi la kwenda Meru. Nilipewa kiti kando ya mama mmoja aliyevaa nguo ya kitenge mpya kabisa, nikakipakata kibuyu. Barabara ile huteremka bondeni na kupanda, huteremka tena na kupanda tena, na kila tulipopanda kwa mwendo wa konokono nilitamani kushuka nisukume. Chuka tulisimama muda mrefu wakati dereva akinywa chai. Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Nilikisikia kibuyu kikinong'ona, nikadhani ni tumbo langu.

Tulikuwa tunateremka kuelekea mto Nithi, mahali penye ajali nyingi ambapo abiria wote hunyamaza na wengine husali, wakati gunzi lilipofyatuka. Ulikuwa mlio kama wa bunduki. Mtu akapiga kelele kwamba tairi limepasuka, watu wakashika vichwa, mtoto akalia, na dereva akafunga breki tukasimama kando ya barabara. Kisha tukatazama juu. Uji ulikuwa ukidondoka kutoka dari la basi, matone makubwa mazito, mengi yakiishia kwenye kitenge cha yule mama.

Hakupiga kelele. Aliuchovya uji kwa kidole kutoka begani mwake, akaonja.

"Mzee, nani alikufunza kuziba kibuyu na tyubu?"

"Hakuna mtu alinifunza."

"Inaonekana. Uji si unapumua? Ukiufungia pumzi, utafanya aje?"

Abiria walicheka, wengine walinitukana. Kibuyuni kilibaki kiasi cha kikombe. Sijui mtu mzima anapaswa kufanya nini katika hali kama ile, lakini mimi nilitokwa na machozi mbele ya basi zima. Yule mama akaniuliza uji ulikuwa wa nani. Nikamweleza habari yote, ya Igoki na ya Ciarunji, huku nikimfuta bega kwa kofia yangu. Aliitwa Mama Nkatha, alikuwa mfanyabiashara wa ndizi, na kwake kulikuwa Kanyakine.

"Tutashuka na wewe," alisema. Haikuwa mwaliko, ilikuwa amri.

Kanyakine tulifika mchana. Nyumba yao ilikuwa katikati ya kahawa na migomba, na mumewe, mtu mpole asiyesema sana, alinisalimu "Muga" na kunipa kiti. Mama Nkatha alibadilisha nguo, akanionyesha chungu jikoni.

"Uji ndio huu. Mimi sikosi. Jaza kibuyu chako, upande gari, jioni uko kwa mtoto wako."

Nakiri nilikichukua kibuyu. Uji wake ulikuwa laini, wenye harufu nzuri, mzuri kuliko wowote ambao ningeupika mpaka kufa. Miguu yangu ilikuwa tayari imeelekea barabarani. Nani angejua? Lakini nikamkumbuka Igoki akiwaambia watu kwamba kwao hakuna mtu. Nikipeleka uji wa Kanyakine, maneno yake yatakuwa kweli, na mimi ndiye nitakuwa nimeyathibitisha. Nikakirudisha kibuyu chini.

"Mama, nisaidie jiwe na mawele," nikamwambia. "Nitasaga."

"Itachukua siku."

"Najua."

"Wewe? Wewe hata chai umekunywa ukiwa umesimama."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko safari nzima. Nilipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, kazi ambayo kwetu mwanamume haonekani akiifanya, na majirani wakaanza kupita mmoja mmoja wakijifanya wanaomba chumvi. Mama Nkatha alinirekebisha. Usisukume kwa mikono, sukuma kwa mgongo. Usiongeze maji kama mtu anayezima moto. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, yakapasuka, nikaendelea. Nilipomaliza alichanganya unga ule na masalia kidogo ya uji wangu yaliyobaki kibuyuni, ili uchachuke kwa chachu ya kwetu, akaufunika karibu na jiko.

"Utachacha lini?" nikauliza.

"Ukichacha."

Hapo ndipo niliteseka. Nilikwenda kuutazama, nikafukuzwa. Nikapasua kuni zao zote. Nikatengeneza mlango wa zizi la mbuzi. Nikatembea mpaka barabarani kutazama magari yaendayo Meru, nikarudi, nikapalilia mstari wa kahawa ambao hakuna aliyeniomba. Mume wa Mama Nkatha aliniangalia nikikaza waya za ua.

"Ukikaa wiki," akasema, "nitakuwa na boma jipya."

Lakini uji ule ulinifanyia jambo ambalo Ciarunji hakuliweza kwa miaka yote ya ndoa yetu. Jioni moja niliketi jikoni kando ya chungu, nikaketi tu, nikiusikiliza ukitoa povu chini ya kifuniko. Nilimkumbuka akiwa ameketi hivyo hivyo, na mimi nikipita mlangoni nikiuliza kwa nini chakula kinachelewa. Niliona haya na nilimkosa sana. Kesho yake Mama Nkatha alionja, akatikisa kichwa kukubali, na nikaupika mwenyewe bila kutoka jikoni hata mara moja. Mdomo wa kibuyu tuliuziba kwa majani ya mgomba yaliyokunjwa, ya kuzuia uji na kuruhusu pumzi.

Meru mjini nilibadilisha gari karibu na bucha zilizo jirani na msikiti. Watu walikimbizana kugombania viti, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikukimbia. Kibuyu kilichozibwa kwa majani hakikubali kukimbizwa. Niliacha magari mawili yaende, nikapanda la tatu, nikakishika wima mpaka mwisho.

Kianjai niliingia saa za alasiri. Udongo wa kule ni mwekundu, jua ni kali kuliko letu, na miraa imesimama katikati ya mashamba. Nilielekezwa hadi kwa wakwe. Mama mkwe wa binti yangu, Mama Mutwiri, alikuwa langoni akipepeta maharagwe. Alinitazama, akakitazama kibuyu, akatazama nyuma yangu kuona wanawake ninaofuatana nao.

"Baba Igoki, karibu. Wako wapi wanawake?"

"Hawako. Nimeleta mimi."

Aliweka ungo chini lakini hakunyoosha mikono. Uji hupokewa na wanawake kutoka kwa wanawake, na mimi nilijua hivyo tangu Kianjokoma, ila nilikuwa nimekazana na jiwe na jiko nikasahau kuwaza habari ya lango. Nilisimama pale. Miguu iliniwasha kutaka kuondoka. Majirani walikuwa wameanza kusogea.

"Nani amepika?" Mama Mutwiri akauliza.

"Mimi."

"Nani amesaga?"

Nilimwonyesha viganja. Alivishika, akavigeuza, akavitazama kwa karibu kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akakichukua kibuyu, akajimiminia kidogo, akanywa. Akanywa tena.

"Baba Mutwiri," akasema kwa sauti ambayo mumewe aliyekuwa nyuma ya nyumba asingekosa kuisikia, "hajawahi hata kuchemsha maji." Akawageukia majirani. "Mnangoja nini? Uji wa kwao Igoki umefika. Leteni vikombe."

Igoki nilimkuta ndani na mtoto kifuani. Alikuwa amesikia kila kitu. Alipokea kikombe na kunywa taratibu, macho kwenye kikombe, mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Ni mbaya?"

"Una chenga, baba," alisema. "Hujasaga vizuri." Akainua kikombe kilichokwisha nimwongezee. Alikuwa analia, na mimi pia, na mtoto akatusindikiza.

Siku ya kurudi Mama Mutwiri alinisindikiza hadi barabarani. Kibuyu hakirudishwi kitupu, na alipokiweka mikononi mwangu kilikuwa kizito. Alikuwa amekijaza mawele.

"Huyu wa kwanza amechukua jina langu," aliniambia. "Msichana wa pili ni zamu ya mama yake Igoki. Hayo mawele ni ya uji wake. Ukichoka kuja mwenyewe usinitumie watu."

Njiani nilishuka Kanyakine kuwashukuru wenyeji wangu, nikanywa chai yao nikiwa nimeketi, jambo ambalo Mama Nkatha aliwaita majirani waje kuliona. Runyenjes nilifika mvua ikinyesha. Kianjokoma hakuna kilichobadilika ila majani chai yalikuwa yameongezeka.

Watu wa nyumbani wataniuliza nimejifunza nini. Zamani nilidhani juhudi ni kukimbia, na kwamba anayeshindwa ni yule anayepumzika. Kumbe kuna kazi ambayo ukiikimbilia inakupasukia usoni, na bidii yake ni kukaa nayo na kuirudia. Bado sijatulia. Jirani zangu watakuambia kwamba ninatembea usiku na mchana kama zamani. Ila kila Jumamosi utanikuta jikoni, nimepiga magoti mbele ya jiwe, ninasaga. Ciarunji mdogo yuko njiani, na akifika sitaki akute uji wenye chenga.