Nilishusha sukari kwa siri nikila kwa mama lishe mwingine, mke wangu akanifuata ng'ambo ya reli

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nakuja, nacheka, naondoka. Ila kila wiki namuona mtu anauliza sukari inashushwaje bila dawa, na majibu mengine mnayompa yatakuja kutuua. Ninayosimulia yamenikuta mimi mwenyewe, na sijaongeza chumvi. Chumvi yenyewe nimeshaambiwa niipunguze.

Niko Dodoma, mtumishi wa umma, naishi Nkuhungu. Kwetu ni Kolo, Kondoa, Mrangi wa kuzaliwa. Umri arobaini na tatu.

Mke wangu, Mama Rehema, ana mgahawa mjini, mtaa wa pili kutoka ofisini kwetu. Kama umewahi kufanya kazi maeneo yale na hujala chapati zake, basi ulikuwa umefunga.

Sasa ukiwa mume wa mama lishe una majukumu yako. Asubuhi napita pale: supu, chapati mbili, chai ya maziwa vijiko vitatu vya sukari. Mchana narudi: pilau au wali nyama, na soda baridi. Jioni nyumbani tunamalizia kilichobaki.

Na nilikuwa na meza yangu, ya mbele kabisa, inayotazama barabara. Sikuichagua mimi, nilikalishwa. Mtu akipita akaona lile tumbo anajua hapa chakula kipo. Kitambi changu ndicho kilikuwa bango la biashara, na nilikibeba kwa fahari kabisa.

Siku moja wakaja ofisini watu wa afya kupima bure. Nilienda kwa sababu foleni ilikuwa fupi na sikutaka kurudi kwenye mafaili.

BP 148 kwa 94. Kiuno sentimita 112. Sukari wakasema niende kituo cha afya asubuhi kabla sijala. Nikaenda, ikasoma 6.8.

Daktari alikuwa binti tu, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Akaniambia, "Baba, hiki bado siyo kisukari. Ila kwa mwendo huu unafika, tena hujachoka." Akauliza kama kuna mtu kwenye familia aliyewahi kuwa nacho.

Nikamwambia baba yangu. Alikatwa mguu chini ya goti, akaishi miaka miwili, tukamzika Kolo.

Akaacha kuandika, akanitazama. Akasema kwa hatua niliyopo hataniandikia dawa bado. Ananipa miezi mitatu nibadilishe sahani na nitumie miguu, halafu nirudi apime upya.

Wakuu, nilitoka pale nikimuwaza baba. Baba alianza hivihivi. Aliambiwa, akasema ni uchovu wa shamba, akaendelea na maisha. Mimi mguu ule niliuona unavyooza. Niliogopa sana, sioni aibu kusema.

Sasa hapa ndipo nilipofanya ujinga.

Nilirudi nyumbani nikanyamaza. Nikawaza, nitamwambiaje mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri kukanda ngano kwamba ngano yenyewe ndiyo inayonimaliza? Na wateja wakisikia mume wa Mama Rehema ana sukari, nani atanunua chapati? Nikajiambia napambana kimya kimya, yeye atakuja kuona matokeo tu.

Mwezi wa kwanza nilipambana kwa asali.

Msicheke. Sukari niliiacha siku ileile, nikasema sasa natumia vitu vya asili. Nina binamu yangu yuko Busi, kulekule Kondoa, anafuga nyuki, akaniletea ofisini dumu la lita tatu. Vijiko viwili vikubwa kwenye kila kikombe. Na ulikuwa msimu wa zabibu, na mtu wa Dodoma msimu wa zabibu hajinyimi. Natembea na mfuko ofisini, hadi saa sita nimemaliza nusu kilo. Nilikuwa najiona mwanaafya haswa, nikawa natoa na ushauri kwa wenzangu.

Baada ya wiki nne nikaenda duka la dawa kupima, asubuhi, sijala kitu. 6.9.

Dada wa duka akaniuliza natumia nini, nikamwambia kwa kujiamini. Akacheka mpaka akakaa. "Kaka yangu, asali nayo ni sukari, umebadilisha tu aliyeipika." Zabibu akasema nile chache kama tunda, siyo kwa mfuko kama karanga.

Nimeliandika hili makusudi. Humu mnatangaziana asali kama vile ni maji.

Ndiyo nikaanza upya, safari hii kwa akili. Chai ikawa ya rangi na tangawizi, bila sukari wala asali, asubuhi nainywea ofisini badala ya kupita mgahawani. Wiki mbili za kwanza ni adhabu, sidanganyi mtu. Wiki ya tatu ulimi unanyooka, na sasa hivi ukiniwekea sukari nahisi umenikosea. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, lifti nikaisahau. Usiku nikaacha kukesha na simu, saa nne nimelala.

Kazi ilibaki kwenye mlo wa mchana.

Katika kutafuta pa kutembea nikavuka reli, nikakuta kibanda cha Mama Ndahani. Huyu ni mama wa Kigogo, mtu mzima, anapika vitu vinne tu: ugali wa uwele, mlenda, kunde, na samaki perege wa bwawa la Mtera siku akiwapata. Friji hana, kwa hiyo soda hakuna. Unakunywa maji.

Daktari alisema nusu ya sahani iwe mboga. Kwa Mama Ndahani hilo halikuhitaji maelezo. Ugali kipande cha ngumi, mboga mpaka inamwagika. Kwenda dakika ishirini, kurudi dakika ishirini. Ukirudi ofisini husinzii. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuwa macho saa nane mchana.

Mama Rehema nilimwambia siku hizi mchana tuna vikao. Mtumishi wa umma akisema ana kikao nani atabisha?

Basi mwili ukaanza kushuka. Mkanda ukaingia tundu la pili, la tatu, mwisho nikatoboa lingine kwa msumari. Mimi nafurahi, kumbe nimesahau niko nchi gani.

Hapa kwetu ukikonda huulizwi umefanyaje, unaulizwa unaumwa nini. Tena ile sauti ya chini. "Mzee, uko sawa lakini?" Na wateja wakaanza kumuuliza mke wangu. Mmoja akamwambia kabisa, "Mpeleke akapime, siku hizi dawa zipo, watu wanaishi." Dawa gani, sote tunajua.

Yeye hakuniambia chochote. Alichofanya ni kuongeza chakula cha jioni. Jinsi nilivyozidi kukonda ndivyo sahani ilivyozidi kupanda. Nachokonoa, nasema nimeshiba kwenye kikao. Ananitazama, anatoa sahani. Na mimi nikaona yamepita.

Siku za mwizi arobaini. Dereva mmoja wa ofisini kwetu aliniona kwa Mama Ndahani. Akaenda kuagiza chapati kwa mke wangu, na akiwa anasubiri chenji akasema, "Shemeji, naona bosi amehamia kwa mama wa ng'ambo ya reli."

Kesho yake niko pale kwenye benchi, tonge mkononi, nainua kichwa, namuona Mama Rehema anavuka reli. Amevaa kanga ya kazini, unga bado uko kwenye mikono. Mgahawa ameufunga saa saba mchana, kitu ambacho hajawahi kufanya hata tulipofiwa.

Nikataka kuficha sahani. Wakuu, mlenda hauna pa kufichwa, ulikuwa umening'inia mpaka kidevuni.

Akamsalimia Mama Ndahani kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Habari za kazi."

"Marahaba mwanangu, karibu chakula."

"Asante. Naomba kama anachokula huyu."

Akakaa benchi la pili akanitazama. Akala chote, taratibu, anaonja kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine. Akanawa, akalipa, akasema "Mama, mlenda wako mzuri", akasimama. Nikamfuata nyuma kama mtuhumiwa.

Tulipofika relini akasimama.

"Baba Rehema, ungekuwa na mwanamke ningejua pa kuanzia. Ningelia, ningeita wazee, yangeisha. Sasa wewe umekwenda kula. Watu wananiuliza chakula changu kina nini. Wananiuliza unaumwa nini. Najibu nini mimi?"

Pale ndipo nilipomwambia. 6.8, presha, kiuno, asali, vikao vyote vya uongo.

Akauliza, "Baba yako nani alikuwa anamuosha kile kidonda?"

Nikatazama reli.

"Nakuuliza."

"Wewe."

"Dada zako walikuwa wanaziba pua. Mimi niliosha kile kidonda mpaka mguu ukakatwa, na ulipokatwa nikaosha kilichobaki. Sasa ulidhani mimi kati ya mguu wako na chapati nitachagua chapati?"

Wakuu, nina elimu yangu, nina cheo changu kidogo, lakini pale relini nilijisikia mtoto. Nilikuwa nimemdharau na nikaita ile dharau upendo. Nilimuomba msamaha palepale, watu wanapita.

Alikasirika wiki nzima, na ilikuwa haki yake. Ila kuanzia siku ya pili jiko likabadilika. Mafuta ya kupikia nyumbani yakawa ya kupimwa kwa kijiko. Uwele akaagiza gunia. Mgahawani akaongeza kunde na mlenda, na wale wazee wa ofisini waliokuwa wanasinzia mchana ndio wateja wakubwa sasa. Chapati bado zipo, anayetaka anakula. Meza yangu ya mbele nimerudishiwa, ila siku hizi nawekwa kama mfano wa kitu kingine.

Jioni tukaanza kutembea wote baada ya kula, nusu saa, tunazunguka mitaa ya Nkuhungu mpaka majirani wakazoea.

Nikarudi kwa daktari pamoja na Mama Rehema, nimechelewa kidogo kwa sababu ya mwezi niliopoteza kwenye asali. 5.5. BP 130 kwa 82. Kiuno 99. Yule binti akatabasamu, nami nikavimba kichwa.

Uzi ungeishia hapa ungekuwa mtamu, na pengine mngenipa like zenu tukaagana.

Daktari akamgeukia Mama Rehema. "Na mama je, ulipima lini?"

Mama Rehema akacheka. "Mimi? Mimi sina kitambi."

Kweli hana. Ni mwembamba. Kesho yake akaenda bila kula. 9.4. Wakarudia siku nyingine, 9.1.

Hicho sasa siyo kukaribia. Ni kisukari chenyewe.

Nikaanza kukumbuka pale pale kwenye kiti cha kituo cha afya. Mwanamke anayeonja kila sufuria tangu alfajiri, anayemalizia chapati zilizokatika ili zisitupwe, anayekunywa soda mbili mchana kwa sababu ya joto la jiko. Alikuwa anaamka usiku kwenda chooni mara tatu. Alikuwa anakunywa maji jagi zima. Nilikuwa namsikia, nasema ni uchovu wa jiko.

Dalili hizo nilikuwa nazijua kwa kichwa. Nilizisoma karibu kila siku kwenye simu, nikijikagua mimi.

Kutoka kipimo changu cha kwanza hadi chake ilipita karibu miezi mitano. Ningesema siku ya kwanza, yeye angepima wiki ileile. Sijui ilikuwa ngapi wakati ule. Hakuna atakayejua, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa anameza dawa, pamoja na sahani ileile na matembezi yaleyale, na namba zake zinashuka vizuri. Nisisitize hapa: mimi sikutumia dawa kwa sababu niliwahi, na daktari ndiye aliyesema. Yeye anahitaji vidonge na anavimeza. Mtu asije akatupa dawa zake kwa sababu ya uzi wangu.

Kila Ijumaa jioni namkalisha kwenye stuli, namkagua miguu. Nyayo, visigino, katikati ya vidole, kimoja kimoja, na tochi ya simu. Anasema namtekenya, anacheka, anavuta mguu. Mimi naurudisha, naendelea.

Nilichojifunza ni kidogo. Sahani, miguu, usingizi, vinashusha, nimeona kwa macho yangu. Ila nilikosea pa kuanzia.

Wenye wenza wanaopika kwa biashara, nyie suala la kuonja mnalifanyaje? Nahitaji mawazo kweli. Na wa kunitukana karibuni, mengine nayastahili.

Lakini kama unasoma hapa na wewe una majibu ya vipimo umeyaficha mahali, yatoe leo. Kamwambie anayekupikia, halafu muulize na yeye alipima lini.